Binti yangu ananifundisha kingereza cha mtihani, sasa nyumbani hatuongei vizuri

Shangazi shikamoo,

Naandika saa 5 usiku nimetoka shifti, viatu bado viko miguuni maana nikivua tu nitalala. Nina miaka 39, watoto 4, kwetu ni Fizi kule Kivu ya Kusini lakini ujana wangu wote umeishia kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Kigoma, na sasa tuko Kentucky, Marekani, mwaka wa 8 huu. Kambini sisi Wakongo tulisoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, mimi nikaishia njiani nikaolewa, kwa hiyo kingereza nimekianza ukubwani na mtoto mgongoni.

Nafanya kazi nyumba ya wazee, CNA, yaani msaidizi wa manesi, nawaosha, nawalisha, nawageuza kitandani wasitoke vidonda. Nataka kusoma LPN niwe nesi anayeshika dawa, na chuo kinataka diploma ya haiskuli au GED, ule mtihani wa kushika nafasi ya hiyo diploma. Haiskuli sikumaliza basi ni GED. Masomo ni manne Shangazi, hesabu nimepita, sayansi nimepita, maarifa ya jamii nimepita kwa jasho. Kimebaki kingereza, kile wanaita RLA, kusoma na grama na insha, dakika 150 zote ndani. Mara ya kwanza nimepata 141, mara ya pili 142, na kupita ni 145. Hizo pointi 3 naziona kama mtu amesimama ng'ambo ya mto ananipungia mkono. Mtihani wa tatu nimeshalipia, bado wiki 5, na mwenzangu mmoja kazini kaniambia ukifeli mara ya tatu wanafuta hata yale uliyopita unaanza upya yote manne. Hilo ndo linaninyima usingizi.

Sasa tatizo lenyewe. Anayenifundisha ni binti yangu mkubwa, ana miaka 16, yuko grade ya 11, kingereza anaongea kama kazaliwa hapa. Kila usiku nikirudi tunakaa meza ya jikoni, ananichapia makaratasi ya grama, mimi najaza yeye anasahihisha. Mwanzo ilikuwa raha, tunacheka, tunakunywa chai. Baadaye ikageuka. Sasa anapumua kwa nguvu nikikosea. Ananiambia "Mama hii nimekwambia jana." Mimi nilimfundisha huyu mtoto kushika kijiko Shangazi.

Jumapili moja wamama wa kanisani walikuja kwangu na yule mama Mmarekani anayetusaidiaga na makaratasi. Nimeshika trei ya chai, nikamwambia kwa kingereza mke wa mchungaji hajaja, anaumwa, nikasema "he is sick". Binti yangu akadakia kutoka jikoni kwa sauti, "SHE, Mama. She!" Wamama wakanyamaza, mmoja akacheka kidogo. Nilisikia trei inatetemeka mikononi, nikaiweka chini. Usiku sikukaa mezani, na mpaka leo ni siku 11 sijakaa.

Halafu kikaja kingine. Nilikuwa napanga begi lake nikakuta daftari, ukurasa wa nyuma kabisa kaandika kichwa "Mama", chini kuna vijiti vile vya kuhesabia. He na she, wiki ya kwanza 14, wiki ya pili 11, halafu 9, halafu 6. Pembeni kuna vingine vya S ya mwisho wa neno. Yaani mwanangu anahesabu makosa yangu kama muuza duka anayeandika deni. Nililia bafuni nikafungulia maji wasinisikie. Daftari nimelificha, mpaka sasa hajui kama nimeliona.

Na si hilo tu, shule yake walipiga simu, alama za hesabu zimeshuka na yeye mwaka huu ana mtihani wake wa kuingia chuo. Hajawahi kuniambia. Nikajiuliza, je ni mimi namrudisha nyuma? Baba watoto yeye kasema kwa kifupi, "Acha hayo, chukua ovataimu, hizo karatasi hazina faida. Mimi nina diploma ya Serikali ya Kongo, ya kumaliza sekondari, iko kwenye sanduku na nabeba maboksi godauni." Hakusema kwa ukali, alisema akiwa anakula.

Kuna darasa la watu wazima la bure mjini, Jumanne na Alhamisi jioni, lakini ni basi mbili kwenda na ingebidi nibadilishe shifti na msimamizi wetu si mtu wa kuombwaombwa. Nimechanganyikiwa. Niendelee na mtoto nimeze heshima yangu? Nimwache nihangaike peke yangu? Niahirishe? Au baba watoto yuko sahihi, kichwa changu kimeshakuwa kizito kwa haya mambo? Nasoma kila neno, nalitafsiri Kifaransa halafu Kiswahili, nikifika mwisho wa habari dakika zimeisha na maswali bado.

Nijibu mama yangu.

Mama wa meza ya jikoni

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu, marahaba sana, na kwanza vua hivyo viatu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika kama ni habari ya mtihani mmoja, ila mimi humo ndani nimeona kama habari nne zimefungwa kitambaa kimoja. Kuna pointi 3. Kuna heshima yako mbele ya mtoto na mbele ya wamama wenzio. Kuna mtoto mwenyewe ambaye alama zake zinashuka kimyakimya. Na kuna mume anayeongea akiwa anatazama sahani. Zote umezibeba kichwani kwa pamoja ndo maana shingo inauma, hebu tuzishushe moja moja.

Nianze na ile inayokunyima usingizi maana hiyo ni rahisi. Mwenzako kazini hakukwambia sawa. Ukifeli mara ya tatu hawafuti kitu, masomo yako matatu yanabaki umeyapita, hakuna mtu atakayekunyang'anya ile hesabu. Kinachotokea ni kwamba baada ya mara ya tatu unasubiri siku 60 kabla ya kujaribu tena. Siku 60 ni nyingi ukiwa na haraka, na pesa ya mtihani ni pesa, sikatai. Ila kusubiri miezi miwili na kuanza upya yote manne ni vitu tofauti kabisa, na mimi naona umekuwa ukisoma wiki zote hizi ukiogopa kitu ambacho hakipo. Woga wa namna hiyo unakula dakika zako ukiwa mbele ya skrini.

Sasa nikuulize, unajuaje kwamba tatizo lako ni grama? Barua nzima ni grama, makaratasi ya grama, he na she, S ya mwisho. Lakini ukaniambia kwa sentensi moja tu kule mwisho kabisa kwamba unasoma kila neno, unalipitisha Kifaransa halafu Kiswahili, dakika zinaisha maswali yamebaki. Mwanangu, hiyo sentensi moja imenishtua kuliko vijiti vyote vya daftari. Ukiingia kwenye akaunti yako ya GED kuna ripoti ya matokeo ya kila mtihani uliofanya, na chini ya ile 142 wanaonyesha sehemu gani uko vizuri na wapi panataka kazi. Uliifungua? Wengi wanaangalia namba wanafunga kompyuta, wanalia, basi. Huenda binti yako amekuwa anakufundisha kitu ambacho wewe tayari unakiweza kiasi, na kile kinachokuzamisha hakuna aliyekigusa, na nyote wawili mnachoka bure mezani.

Habari za kusoma kwenye huo mtihani zinafika mpaka maneno 900 kwa moja. Ukiyapitisha maneno 900 kwenye lugha mbili nyingine hata mwenye kingereza cha kuzaliwa nacho angechelewa. Na Kifaransa kinadanganya pia. Ukiona "actually" kichwa kinasema actuellement, sasa hivi, kumbe maana yake ni kwa kweli. Ukiona "library" kichwa kinasema librairie, duka la vitabu, kumbe ni maktaba. Unasoma swali sahihi na kulijibu sahihi kwa habari nyingine kabisa. Jaribu kusoma swali kwanza ndo urudi kwenye habari ukijua unatafuta nini. Neno moja usilolijua lipite, sentensi ikikuangusha rudi. Na dakika zikikaribia kwisha usiache swali tupu hata moja, ukikosea hawakukati pointi.

Kitu kingine ambacho sidhani kama ulishakifikiria, karibu robo tatu ya habari za mtihani ule si hadithi, ni maelezo, ripoti, makala, wakati mwingine barua na mambo ya kazini. Wewe kila siku unasoma maelekezo ya mgonjwa, huyu asipewe maji mepesi bila kuyafanya mazito, huyu ageuzwe kila baada ya masaa 2, na ukisoma vibaya mtu anaumia. Hujawahi kuyapitisha Kifaransa kwanza, au nakosea? Basi kuna mahali tayari unasoma kingereza moja kwa moja, hujui tu kwamba huko nako ni kusoma.

Insha pia. Wanakupa dakika 45, waandishi wawili wanabishana, na wengi wetu tunaingia hapo na maoni yetu, mimi nadhani, mimi naamini, tunaandika kwa moyo wote. Mtahini hataki kujua unamuunga mkono nani. Anataka useme nani kaleta ushahidi wenye nguvu, na uonyeshe ni upi, kutoka humohumo kwenye habari. Baraza la wazee unalijua, mzee wa busara haulizwi anampenda nani kati ya wagomvi wawili, anaulizwa maneno ya nani yamesimama. Kaa kwenye kiti cha yule mzee.

Na grama, maana nayo ipo, siiachi. Lugha yetu inakuangusha mahali pawili na inakubeba mahali pamoja. He na she, sisi tuna "yeye" basi, mke wa mchungaji ni yeye na mchungaji ni yeye, kwa hiyo uliposema "he is sick" hukuwa mjinga, ulikuwa Mswahili. Halafu ile -ka- yetu, nilifika, nikakuta mlango wazi, nikaingia, inashona sentensi kama uzi. Kingereza hakina uzi huo. Ukiandika "I came home, I found the door open" wanaita kosa, wanataka nukta au neno la kuunga, mkato peke yake haushiki. Lakini pale pengine Kiswahili kinakubeba. Wakikuuliza "The box of gloves" ni "is" au "are", wengi wanadanganywa na glavu maana ni nyingi. Wewe sema kwa Kiswahili, boksi la glavu liko mezani. Hakuna Mswahili atakayesema boksi la glavu ziko. Umesikia ile "li"? Inafuata boksi, basi jibu ni "is". Sisi tumekuwa tukilinganisha kitendo na mwenye kitendo tangu tunaanza kuongea, kuliko hata hao wenye lugha yao.

Haya, tuje kwa binti.

Zile namba nimezirudia. 14, 11, 9, 6. Wewe umeziandika ukiwa na maumivu na mimi sikulaumu, maana mama akikuta makosa yake yamehesabiwa kwenye begi la mwanae lazima kifua kibane. Ila ziangalie tena taratibu. Mwenye duka deni lake linapanda, mwanangu, hili linashuka. Mtoto wa miaka 16 amekaa kila usiku na vijiti vyake, anaona 14 inakuwa 6, na hajakuonyesha. Mimi sijui kwa nini aliandika. Inawezekana ni kuchoka, inawezekana anajivunia, inawezekana anakufuatilia kama mwalimu wake anavyomfuatilia yeye. Wewe pia hujui. Anayejua yuko chumba cha pili, na daftari lake umelificha, na huenda analitafuta.

Pale kwenye trei mtoto alikosea, hilo niliseme wazi. Mama hasahihishwi mbele za wageni, awe amesema nini, na ana haki ya kumwambia mwanae hivyo hata kama mwanae ndiye mwalimu. Lakini pia nafikiria, mtoto aliyekaa wiki nzima anasikiliza he na she masikio yakiwa wima, neno likimpita anadakia bila kufikiri, kama wewe unavyomshika mzee anayeteleza hata ukiwa off. Naona pande zote mbili na sitaki kukuchagulia.

Ukiendelea naye, faida unaijua, yupo, ni wa bure, anakujua. Hatari yake ni mbili. Ya kwanza ni hii baridi iliyoingia. Ya pili inanitisha zaidi, ni kwamba watoto wetu huko ughaibuni wanajifunza mapema kuwa wakalimani hospitali, shule, ofisini, na hawasemi wakichoka kwa sababu wanaona mama na baba wamechoka zaidi. Alama za hesabu zinaweza kuwa ndo sauti yake. Au si hilo, labda ni mwalimu mpya, labda ni rafiki. Muulize kabla ya kujihukumu. Kama mtaendelea labda meza ibadilike sura, dakika 30 badala ya usiku mzima, wewe unasoma habari zako na yeye pembeni anafanya hesabu zake, ukikwama unamuuliza, ukiwa hukuuliza hasemi. Na yeye kwenye mtihani wake wa chuo mikato na nukta anaulizwa hizohizo, kwa hiyo kuna usiku wewe unaweza kumshikia karatasi na kumuuliza yeye. Mama akishika karatasi ya majibu hewa ya meza hubadilika.

Darasa la mjini lina kitu ambacho jikoni hakuna, mwalimu asiye mwanao. Utakosea mbele ya watu ambao nao wanakosea, halafu utarudi nyumbani ukiwa mama tu. Bei yake ni basi mbili, baridi ya Kentucky, na kwenda kwa msimamizi asiyependa kuombwa. Sijui kama kazi inaweza kustahimili hilo, wewe unajua. Uliza pia kama wana masomo ya mtandaoni, sehemu nyingi wanayo. Na kama humwombi kubadilisha wiki zote, kwenda Alhamisi peke yake ni nusu ya ombi.

Kuahirisha nako siyo aibu. Kabla hujaamua kuna kile kijaribio rasmi cha GED Ready, kinalipiwa lakini ni kidogo kuliko mtihani, na kinakwambia uko nyekundu, njano au kijani. Ukipata kijani wiki 5 zako ni nyingi. Ukipata nyekundu utakuwa umeahirisha kwa sababu unayoijua. Hatari ya kuahirisha naiona mahali pamoja, mtu mwenye watoto 4 na shifti za usiku akiweka kitabu chini, vumbi linakuja haraka.

Baba watoto sasa. Ulisema hakuongea kwa ukali, aliongea akiwa anakula. Huyo ni mwanaume ambaye karatasi yake iko kwenye sanduku, alisoma, alifaulu, na nchi ile haikumuuliza. Anapokwambia hazina faida inawezekana anaongea na wewe, na inawezekana anaongea na lile sanduku. Kuna watu hufanyiwa tathmini ya vyeti vya nje wakapata njia, sisemi kwake itakuwa hivyo, nasema sijasikia kwenye barua yako kama kuna siku mtu alimuuliza anataka kufanya nini nacho. Ovataimu ni pesa ya kweli na kodi ya nyumba hailipwi na ndoto, ana hoja. Na wewe una hoja. Hamjaziweka meza moja bado.

Na kichwa kizito, mwanangu, hapo ndo nakukatalia kabisa. Mtu aliyeanza kingereza na mtoto mgongoni, akapita hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa lugha ya nne au ya tano, kichwa chake kina kazi nyingi, uzito sijauona.

Ukipata usiku mmoja wa kupumzika, fungua ile ripoti ya 142, ya 141 pia, ziweke pembeni kwa pembeni uone kipi kimesogea. Daftari mrudishie mwenyewe mkononi, usilirudishe kwenye begi kimyakimya, na umwambie umeliona. Utakayosikia hapo uniandikie, hata kama ni saa 5 usiku.

Shangazi